Dakika Kumi na Saba Chini ya Daraja

Barua ya onyo ilikuwa na aya tatu, na aya ya pili ndiyo iliyowavunja mbavu madereva wa yadi nzima. Ilieleza kwamba gari namba kumi na nne, likiwa na shehena ya mabati, lilisimama dakika kumi na saba mahali pasipo na kituo cha mafuta, hoteli, mizani wala choo; na kwamba dereva, alipotakiwa kueleza sababu, aliandika kwenye fomu maneno matatu: "Nilishuka kutazama daraja."

Dereva huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi kiasi cha kukalia mto ili aone barabara vizuri, na katika miaka ishirini na miwili ya usukani hakuwahi kugonga hata kuku. Wenzake walimwita Bi Daraja. Jina lilianza kama kejeli, likazoeleka, hadi walinzi wa lango wakawa wanaliandika kwenye daftari la kutoka na kuingia bila kutabasamu.

Meneja wa usafirishaji hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: hakupandisha sauti, hakumpendelea mtu, na aliamini chochote kilichoonekana kwenye kompyuta yake, ambako magari thelathini na moja ya kampuni yalitambaa mchana kutwa kama vidoti vya kijani. Kidoti kikisimama kiligeuka chekundu. Cha Bi Daraja kiligeuka chekundu mara nyingi kuliko vyote, na kila mara kando ya mto. Hiyo ilikuwa barua ya tatu, na kwa kanuni za kampuni barua ya tatu ilimtoa dereva kwenye magari ya safari na kumpa kazi za yadi: kusogeza matrela kutoka sehemu ya kuoshea hadi sehemu ya kupakilia, mita mia na hamsini kwenda, mita mia na hamsini kurudi.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," meneja alimwambia siku ya kumpa barua. "Nina ugomvi na hizo dakika."

Funguo za namba kumi na nne zilitundikwa kwenye msumari nyuma ya kiti chake. Bi Daraja alikuwa akiziona kila asubuhi alipoingia kusaini mahudhurio, na kila asubuhi alitoka akiwa amekaza midomo. Bado miaka minne astaafu. Kuimaliza miaka hiyo minne kati ya bomba la kuoshea magari na kibanda cha walinzi lilikuwa jambo ambalo hakuweza hata kulizungumzia nyumbani.

Ugonjwa wake, kama alivyouita mwenyewe, ulianza wiki ya kwanza ya udereva. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani hapo hapo yadini, akajifunza kurudisha trela nyuma saa za chakula cha mchana wakati wanaume wanakula, mpaka siku moja akamwegeshea dereva mgonjwa gari lake bila kuombwa, na mwenye kampuni akaona. Safari yake ya kwanza ilimpitisha kwenye daraja lililopinda katikati. Lilikuwa limejengwa na wakandarasi wawili, kila mmoja akianzia ng'ambo yake, na walipokutana juu ya maji wakakuta wamepishana kwa kiasi cha mkono mmoja. Madereva wote walilitukana. Yeye aliegesha gari, akateremka hadi kwenye mchanga, akatazama juu.

Kule chini aliona kitu ambacho waliopita juu hawakukiona. Waashi walikuwa wamelifunga kosa lile kwa bega la mawe, jiwe juu ya jiwe, kila moja likitoka nje kidogo kuliko la chini yake, safi kabisa, kama fundi nguo anavyoficha pindo lililokosewa hadi mvaaji aone ni mtindo. Bi Daraja alijua mapindo. Mumewe alikuwa fundi nguo. Alisimama pale akiwa na furaha asiyojua aiweke wapi. Jioni ile alinunua daftari lenye jalada gumu.

Baada ya hapo hapakuwa na kupona. Kulikuwa na daraja la waya la wapita kwa miguu, la mbao zilizovuma upepo ukipita, ambalo wanawake wa pale walilivuka kwa hatua zisizolingana makusudi, kwani hatua zikilingana daraja lote linaanza kucheza. Kulikuwa na lile ambalo treni na magari vilitumia njia moja, na mlinzi wa kizuizi alimruhusu kuinama kunusa mafuta kwenye mataruma ya reli. Kulikuwa na daraja refu la zege ambalo maungio yake yaligonga chini ya tairi, tak-tak, tak-tak, na kwa mlio ule aliweza kujua tairi gani imepungua upepo. Na kulikuwa na daraja lisilo na mto. Mafuriko yaliuhamisha mto kilomita mbili, daraja likabaki peke yake katikati ya shamba la mahindi, na watu wakaanika nguo kwenye vyuma vyake. Daftarini, chini ya picha aliyoichora, Bi Daraja aliandika: "Halina kazi, lakini limesimama wima."

Kila daraja lilipewa ukurasa, na kila ukurasa ulikuwa na mambo yaleyale: tarehe, urefu kwa hatua, upana kwa kamba, na kimo cha ukuta wa kando kwa mwili wake, yaani kifundo, goti, nyonga au kifua. Mwisho kabisa sifa moja, hata kama daraja lenyewe ni baya. "Baya, ila kivuli chake ni kizuri." Kamba ilikuwa ya katani, kipande kilichokatwa kutoka kwenye kamba za kufungia turubai. Mumewe aliipima kwa tepu yake ya kazi na kumfungia fundo kila futi moja, mafundo hamsini.

Ncha ya pili ya kamba ilishikwa na utingo wake, mzee mwenye mvi aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Kimya alilalamika kwenye kila daraja kwa miaka kumi na minne. Alidai kwamba dunia nzima watu hupita juu ya madaraja, ni wao wawili tu wanaopita chini kama fisi. Lakini kamba aliishika, na aliinyoosha vizuri.

Transfoma ilifika bandarini wiki ya sita ya Bi Daraja kukaa yadini. Ilikuwa ya mji mmoja wa milimani, ambako transfoma ya zamani ilikuwa imeungua na hospitali, pampu za maji na viwanda viwili vilikuwa vikiishi kwa jenereta. Tani arobaini na mbili, upana futi kumi na moja na nusu. Kampuni ikashinda zabuni ya kuipeleka. Siku ileile trela la kitanda cha chini lilipomaliza kupakiwa, mafuriko yakapasua nguzo ya daraja kubwa la barabara kuu, na likafungwa kwa gari lolote linalozidi tani kumi. Matengenezo yangechukua miezi mitano.

Asubuhi iliyofuata Bi Daraja aliingia kusaini mahudhurio akawakuta watu wawili wameinamia ramani: meneja, na injinia wa barabara, kijana mwembamba mwenye kofia ya plastiki iliyompwaya. Ramani haikuonyesha njia nyingine. Meneja alikuwa ameshafika hatua ya kusema watavuta transfoma kurudi bandarini.

Bi Daraja alisaini jina lake, akaweka kalamu, akasema kwamba kuna daraja la mawe kwenye barabara ya zamani ya kiwanda cha mbao. Matao matatu. Aliwahi kulitazama.

Meneja hakuinua macho. "Dakika ngapi hizo?"

"Ishirini na tano. Nililipenda sana."

Injinia ndiye aliyeinua macho. Alikuwa na nakala ya orodha ya madaraja ya zamani kwenye begi, akapekua hadi akalipata. Kweli lilikuwepo. Lilijengwa kupitisha boila za kiwanda, kila moja tani sitini, na mkaguzi wa mwisho aliandika mwaka uliotangulia kwamba matao hayana ufa. Ila safu ya upana ilikuwa tupu. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alisahau kuijaza, na waliomfuata wakanakili usahaulifu wake. Bila upana hakuna kitu, injinia alieleza, kwa sababu kilomita kumi na moja za mwisho kabla ya daraja zimebanwa kati ya mlima na bonde. Trela likifika pale likakuta halipiti, hakuna pa kugeuzia. Na kwenda kupima na kurudi ni siku mbili, huku mvua nyingine ikitabiriwa kuikata barabara hiyo ya vumbi keshokutwa.

Bi Daraja alikwenda hadi kwenye kabati lake la nguo, akarudi na daftari la pili kati ya matatu. Ukurasa ulikuwa na picha ya matao, na wino wake umetandaa hapa na pale. Upana: mafundo kumi na mawili. Barabara imenyooka kama rula pande zote mbili. Ukuta wa kando: goti. Sifa: "Jiwe la katikati ya tao limechongwa ua, upande wa chini, ambako hakuna mtu angeliona."

"Futi kumi na mbili," meneja alisoma. "Mzigo kumi na moja na nusu." Akageuka, akazitazama funguo kwenye msumari kama mtu anayeona kitu kimewekwa pasipo pake. Masharti yake yalikuwa mafupi. Njia ni yake Bi Daraja, basi na usukani ni wake. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kufika huko. Transfoma ikivuka, namba kumi na nne ni yake hadi astaafu, na dakika zake zitajadiliwa upya. Ikikwama, asirudi hata yadini.

"Saa kumi na mbili asubuhi," meneja alisema.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na baraza, na baraza ndiyo iliyokuwa karakana ya mumewe: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na beseni kubwa la kulowekea vitambaa. Fundi huyu hakuwahi kusafiri zaidi ya soko la nguo. Madaraja yote aliyoyajua aliyasoma kwenye madaftari ya mkewe, jioni, miwani ikiwa puani, naye alikuwa na anayoyapenda na asiyoyapenda kama mtu aliyeyaona kwa macho.

Bi Daraja alimsimulia yote huku akikunja nguo za safari. Alikuwa mwepesi, hata aliimba. Mumewe alifurahi pamoja naye, akaomba aone ukurasa wenyewe. Akauangalia, akausogeza karibu na taa, akaugusa kwa kidole mahali wino ulipotandaa.

"Mama watoto," alisema, "siku hii kulinyesha?"

Alifikiri. Ndiyo, kulinyesha. Kimya alilalamika kuliko siku zote, na walipima wakiwa wamelowa chapachapa.

"Na kamba ililowa?"

"Sote tulilowa. Kwa nini?"

Miaka thelathini na minane ya kazi ilikuwa imemfundisha fundi kutokata kitambaa chochote kabla hajakitia majini, kwa sababu uzi ukilowa hunywea. Alichukua kamba kutoka begini, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akapima mafundo kumi na mawili ya kwanza: inchi mia moja arobaini na nne, futi kumi na mbili kamili, kama siku alipoyafunga. Kisha akaizamisha kwenye beseni, akaweka pasi juu yake ili isielee. Walikula chakula cha jioni. Walipomaliza, aliitoa kamba, akaikamua kidogo, akaipima tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkewe alimwambia arudie.

Inchi mia moja thelathini na mbili. Kila fundo lilikuwa limemsogelea mwenzake kwa inchi moja.

Bi Daraja alikaa kwenye kiti cha wateja. Kamba iliyonywea ilikuwa imeona daraja pana kuliko lilivyo. Mafundo yake kumi na mawili ya siku ya mvua yalikuwa futi kumi na moja tu, na mzigo ulikuwa kumi na moja na nusu. Alikuwa amebakiza usiku mmoja kabla ya kuipeleka transfoma ya mji mzima mahali pasipo na pa kugeuzia.

"Bora ningenyamaza?" mumewe aliuliza, kwa kuwa uso wa mkewe ulimtisha.

"Bora hukunyamaza," alisema. "Niache kidogo."

Alilivuta daftari akasoma ukurasa wake mwenyewe kama ulioandikwa na mtu mwingine. Urefu, upana, barabara imenyooka. Ukuta wa kando: goti. Alisoma neno hilo la mwisho mara tatu. Kisha akasimama katikati ya baraza, wima, viatu vya kazi miguuni, kama mteja anayechukuliwa vipimo.

"Goti langu ni inchi ngapi?"

Fundi hakuhitaji tepu. Alikuwa akimshonea ovaroli kila mwaka. "Kumi na tisa na nusu. Halijawahi kubadilika. Ukiwa na hivyo viatu, ishirini na moja."

Goti halinywei kwa mvua. Na kitanda cha trela kilikuwa inchi thelathini na sita kutoka ardhini. Hilo alilijua kama anavyojua kimo cha meza yake ya kulia. Transfoma ingekuwa juu ya ukuta, si kati ya kuta. Ingeingia inchi chache juu ya kila ukuta bila kugusa kitu. Kilichotakiwa kupita kati ya kuta ni matairi tu, na matairi ya nje yalikuwa na futi tisa na inchi nane kutoka ukingo hadi ukingo. Mumewe alichora kwa chaki ya kushonea juu ya meza: ukuta, ukuta, tairi, tairi. Nafasi iliyobaki ilikuwa inchi nane kila upande, nayo akaichora kwa ukubwa wake kamili. Aliweka kiganja chake pale katikati kuona kama kinaenea. Kikaenea, vidole vimebanwa.

"Nyembamba," alisema fundi.

"Nyembamba nayo ni nafasi," Bi Daraja alisema.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni kwa meneja, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba namba aliyotoa jana haikuwa sahihi. Hakulizungusha. Alieleza kamba, mvua na beseni. Meneja alimsikiliza huku rangi ikimtoka, kisha akanyoosha mkono kwenye simu ili asimamishe msafara.

Bi Daraja aliomba amalize. Akafungua karatasi ya kukatia nguo ambayo mumewe alikuwa ameichora upya kwa kalamu, vipimo vyote vikiwa pembeni kwa mwandiko wa kwenye risiti za nguo. Injinia, aliyekuwa akinywa chai ya rangi dirishani, alisogea. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko meneja alivyoweza kuvumilia.

"Kimo cha ukuta mmekipata wapi?"

"Kwenye goti langu. Nalo lina vipimo vyake vya kila mwaka, kwenye daftari la fundi wangu wa nguo."

Injinia alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akavua kofia yake akaiweka mezani. Alisema hesabu inasimama. Alipendekeza atangulie yeye na tepu ya chuma, na trela lisubiri kwenye njia panda ya mwisho penye nafasi ya kugeuza; akipata tofauti, warudi. Meneja alizungusha kalamu vidoleni.

"Ulikuwa na uwezo wa kukaa kimya, mama. Hakuna aliyejua."

"Daraja lingejua," alisema Bi Daraja.

Funguo zikatoka kwenye msumari.

Safari hadi njia panda ilichukua saa nane, mwendo wa polepole, gari la kusindikiza mbele likimulika taa. Kimya alizungumza saa zote nane. Alipoambiwa habari ya kamba alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye, akakumbusha kwamba siku ile ya mvua alisema kabisa waahirishe, na kwamba angesikilizwa angalau mara moja maishani mwake mambo yangekuwa mengine. Njia panda waliegesha, wakanywa maji, wakangoja. Bi Daraja alifuta vioo vya pembeni ambavyo tayari vilikuwa safi.

Simu ililia saa tisa na robo alasiri. Injinia alisoma taratibu, kama anayemsomea mwanafunzi imla. "Upana, futi kumi na moja, na juu yake nusu ya inchi. Ukuta wa kushoto, inchi ishirini na moja. Ukuta wa kulia, ishirini na moja na robo. Njoo."

Bi Daraja aliweka gia.

Daraja lilitokea nyuma ya kona ya mlima kama alivyoliacha: matao matatu ya mawe ya kijivu, chini yake mto wa rangi ya matope ukienda kwa haraka zake. Injinia alikuwa amepiga mistari miwili ya chokaa juu ya njia, ya kuongozea matairi. Polisi wawili wa gari la kusindikiza walisimama ng'ambo, mikono kiunoni. Kimya aliteremka, akatangulia akitembea kinyumenyume katikati ya mistari, viganja mbele yake, akimwonyesha kwa vidole kushoto, kulia, njoo. Ndipo Bi Daraja alipoona jambo ambalo halijawahi kutokea kwa miaka kumi na minne: midomo ya Kimya imefungwa.

Aliingia kwa gia ya chini kabisa. Kioo cha kushoto kilimwonyesha tairi na ukuta, na kati yake kivuli chembamba. Kioo cha kulia vilevile. Juu ya vyote, transfoma iliuzidi ukingo wa ndani wa ukuta kwa inchi tatu, ikielea juu ya mawe kama sinia linalobebwa na mtu asiyetaka kumwaga. Hakutazama maji. Alisikiliza. Daraja la zege hugonga, la chuma hulia, la mbao hunung'unika. Hili la mawe halikusema kitu. Lilipokea tani arobaini na mbili pamoja na trela na kichwa chake, likakaa kimya, na katika ukimya ule mikono yake ikaacha kubana usukani. Kwenye tao la pili alijikuta anatabasamu. Lilijengwa kwa boila. Lilikuwa limengoja miaka yote hii mtu alibebeshe mzigo wa kiasi chake.

Ilichukua dakika kumi na moja. Tairi la mwisho lilipoacha mawe na kukanyaga udongo, Kimya alirusha kofia yake juu, ikatua mtoni, akaitazama ikienda zake, na hapo hapo maneno yakamrudia yote kwa mpigo. Polisi walipiga makofi. Injinia aliupiga ukuta wa daraja kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anavyompongeza ng'ombe mzuri.

Karani wa ofisini alisimulia baadaye mambo yalivyokuwa upande wa pili. Meneja hakula mchana. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama kidoti cha kijani kikikaribia mstari wa bluu wa mto, mahali ambapo ramani haikuonyesha daraja lolote, kikaugusa, kikauvuka kama kinachotembea juu ya maji. Alisimama, akawaita watu wa uhasibu waje waone. Na wakati wamekusanyika, kidoti kikasimama, kikageuka chekundu.

Alipiga simu. Ililia muda mrefu kabla ya kupokewa, na nyuma yake kulisikika maji.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nimeshuka kutazama daraja."

Ofisi nzima ilimtazama meneja. Alisafisha koo.

"Haya. Upana uandike vizuri safari hii."

Kwa hiyo alikaa kule chini kwa dakika kumi na saba, kwa saa yake, hakuzidisha wala kupunguza. Alimwonyesha injinia ua lililochongwa kwenye jiwe la katikati. Injinia alilala chali juu ya mawe ili alione vizuri, na shati lake jeupe halikufaa tena. Kisha akachukua orodha yake ya madaraja, akaijaza ile safu tupu, akampa Bi Daraja kalamu aweke sahihi kama shahidi wa kipimo.

Taa za mji wa milimani ziliwaka siku nane baadaye. Namba kumi na nne ilirudi kwenye safari, na funguo zake hazikuonekana tena kwenye msumari ule. Fomu ya safari ikaongezwa mstari mmoja, "Ukaguzi wa njia na madaraja, dakika:", na meneja akaagiza madaftari yote matatu yapigwe nakala kwa ajili ya ofisi. Madereva waliocheka barua ya tatu sasa husimama kwenye kabati la nakala hizo kabla ya kila mzigo mpana, wakimuuliza Bi Daraja maswali kwa heshima ambayo bado inawakaa vibaya mdomoni.

Yeye mwenyewe aliyapitia madaftari ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama penye wino uliotandaa. Madaraja ya siku za mvua yalikuwa sitini na moja, na yote yalihitaji kupimwa upya. Kimya alipoambiwa idadi hiyo aliketi chini. Fundi nguo alichukua turubai jembamba, akaliloweka na kulianika mara tatu mpaka likakataa kunywea zaidi, akakata utepe wa futi hamsini na kushona namba kwa uzi mwekundu, inchi kwa inchi. Ilimchukua wiki mbili za kazi zisizo za mteja. Alipomaliza aliukunja, akaufunga kitufe, akamkabidhi mkewe. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi dogo, nguo zikiwa tayari ndani, akauliza kama likizo ijayo ya mkewe wangeweza kuanza na lile lililopinda katikati. Kwa miaka ishirini na miwili, alisema, alikuwa akitaka kuona jinsi wale waashi walivyolificha lile pindo.